Wimbo Uliofutwa katika Daftari ya Korali

Siku moja ya posho, kisha mazoezi ya nyimbo, vijana wawili wa korali ya parokia moja ya Bukavu walikuja kwetu na daftari mkononi. Ilikuwa daftari ya shule ya kawaida, ambamo korali yao inaandika nyimbo zote inazojifunza. Katika ukurasa mmoja maneno yalikuwa yamefutwa kwa kalamu nyekundu, mstari kwa mstari, mpaka karatasi ilikaribia kupasuka. Wimbo uliofutwa ulikuwa «Kuliko Jana», wa kikundi cha Sauti Sol cha Nairobi. Mkubwa wao akasema: «Padri, viongozi wa korali wametuambia kwamba mmoja wa wale walioimba wimbo huu amejitangaza mbele ya watu wote kuwa anapenda wanaume wenzake. Basi wimbo umechafuka? Na sisi tuliouimba siku zote hizi, tulitenda zambi?»

Tuliwaambia wakae, tukaongea kidogo juu ya masomo yao na habari za nyumbani. Walipokuwa wanaaga, yule mdogo, ambaye hakuwa amesema neno, akaongeza kwa sauti ya chini: «Na yaya aliyekuwa anaimba zaburi, naye haji tena. Walimwambia apumzike, sababu ya maneno ya watu.»

Tangu siku ile tunabeba maswali mawili, siyo moja. Hatukutaka kuyajibu mlangoni. Tulisikiliza nyimbo zenyewe, mara nyingi, tukafungua tena vitabu vyetu vya seminari kubwa, na haya ndiyo tuliyopata. Tunayaandika hapa kwa ajili ya wadogo zetu waseminari, maana kesho wengi wao watapewa korali kuziongoza, na daftari ya namna hiyo haitakosa kuwafikia.

I. Mwimbaji

Willis Austin Chimano ni mtu wa Kenya. Alisoma katika shule ya sekondari ya Upper Hill, Nairobi, na huko aliimba pamoja na Bien-Aimé Baraza na Savara Mudigi katika kikundi kilichoitwa Voices in the Light, maana yake sauti katika mwanga. Kilikuwa kikundi cha nyimbo za Injili, kilichoimba bila chombo hata kimoja. Mwaka wa 2005 vijana hao watatu walijiunga na mpiga gitari Polycarp Otieno, na Sauti Sol ikazaliwa.

Msomaji auangalie vema mwanzo huo. Watu hao hawakutoka katika kabare wakaja kugusa nyimbo za dini kwa kutafuta wanunuzi. Walitoka katika mazoezi ya korali, wakaenda na chuo chao katika ulimwengu. Anayejua kazi ya korali anakisikia chuo hicho katika sahani zao: Mwanzo (2008), Sol Filosofia (2011), Live and Die in Afrika (2015), Afrikan Sauce (2019), Midnight Train (2020). Gitari ipo, ngoma zipo, lakini nguzo ya nyumba ni sauti zinazosikilizana, kila moja ikijua nafasi yake na kungoja zamu yake. Mwaka wa 2014 walipata tuzo ya MTV ya Ulaya kwa waimbaji bora wa Afrika.

Sisi Wakongomani hatupashwi kushangaa kwamba vijana wa shule wanaoimba sala wanaweza kufika mbali. Mwaka wa 1958, kule Kamina, Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, aliunda Missa Luba pamoja na vijana na walimu wa shule, na mwaka uleule waliiimba katika miji ya Ulaya. Korali ni shule ya kwanza ya miziki katika nchi zetu. Hatuwezi kufurahia matunda yake yote kisha kusema kwamba mti siyo wetu.

Kwa miaka mingi watu walinong'ona juu ya Chimano. Mwishoni mwa mwaka wa 2021 yeye mwenyewe alisema wazi kwamba anapenda wanaume, na kwamba hatajificha tena. Tukumbuke alisemea wapi maneno hayo. Katika nchi yake, mwezi wa tano mwaka wa 2019, Mahakama Kuu ilikuwa imekataa kufuta sheria iliyotoka enzi ya Waingereza, ambayo inaweza kumfunga mtu miaka 14 kwa tendo la namna hiyo. Tuzo haikuwa ikimngoja, wala sifa za majirani.

Wenzake watatu hawakumfukuza. Waliendelea kusimama naye na kuimba naye, mpaka mwaka wa 2023 walipotangaza kwamba kikundi kitapumzika, wakawaaga watu wa Nairobi mwezi wa 11 mwaka huohuo. Tutarudi kwa jambo hili.

II. Wimbo

Sasa tuufungue ukurasa uliofutwa. «Kuliko Jana» umo katika sahani ya mwaka wa 2015, nao waliuimba pamoja na kundi la waimbaji liitwalo Redfourth Chorus. Ni wimbo wa Kiswahili chepesi, ambacho mama anayeuza samaki sokoni Kadutu anakifahamu kama vile profesa wa chuo kikuu. Mwimbaji anamshukuru Mungu kwamba anampenda leo kuliko alivyompenda jana. Anasema kwamba baraka za Mungu hazina mwisho, na kwamba Mungu si kigeugeu kama sisi watu. Kisha anawaombea wale wanaomsema vibaya, akitaka Mungu awasamehe, kwa kuwa hawajui anavyopendwa. Mwisho anawatakia adui zake maisha marefu, kusudi wapate kuona akibarikiwa.

Mwanafunzi wa dogmatika atainua mkono mara moja. Mungu habadiliki, na upendo wake haukui kama mtoto anavyokua. Basi namna gani anaweza kupenda leo kuliko jana? Ukweli, katika shule tungesahihisha maneno hayo. Kinachoongezeka siyo upendo wa Mungu ndani ya Mungu. Ni mema ambayo upendo huo unatutendea, na macho yetu ya kuyaona. Lakini mtunzi mwenyewe ameweka maneno mawili karibu: Mungu habadiliki, tena ananipenda leo zaidi. Anayeimba hayo hafundishi uzushi. Anasema yale anayoyasema mgonjwa aliyepona: jana nilipendwa, lakini leo ndipo nimeelewa.

Sehemu ya mwisho ina kasoro kidogo. Kuwaombea adui maisha marefu ni agizo la Bwana. Kuwaombea ili waone fahari yangu ni agizo lililochanganywa na chumvi ya mtaani. Walakini, hata mwenye Zaburi ya 22 anataka meza yake iandaliwe mbele ya macho ya wanaomtesa, na Kanisa halikuifuta zaburi hiyo. Tuseme kwamba wimbo una kiburi kidogo cha mtu aliyeumizwa, na kwamba kiburi hicho kinafunikwa na sala inayokitangulia.

Sauti za kundi ndizo zinazoubeba wimbo. Shukrani ya mtu mmoja inakuwa shukrani ya wengi, namna inavyofanyika katika Misa nzuri, mwimbaji anapoanza zaburi na watu wote wanaichukua toka kinywani mwake. Waimbaji hao hawakuisahau shule yao.

Basi hapa tunapashwa kusema jambo lililotuumiza. Katikati ya wimbo huu kuna sala kwa ajili ya watu wanaosema wengine bila kuwajua. Na wimbo huu huu ndio uliofutwa kwa kalamu nyekundu, sababu ya maneno ya watu. Waliofuta hawakuusoma walipokuwa wanaufuta.

Tena kuna ushahidi mwingine, nao ni mzito zaidi. Mwaka wa 2014 Sauti Sol walitoa wimbo «Nishike». Picha zake zilikuwa za tamaa ya mwili bila haya, hata vituo vya televisheni vya kwao vilikataa kuzionyesha. Sisi hatuusifu wimbo huo. Kosa lake liko ndani ya kazi yenyewe, mbele ya macho ya wote, na waimbaji wote wanne walishiriki. Lakini je, ni korali gani iliyofuta «Kuliko Jana» sababu ya «Nishike»? Hatukusikia hata moja. Wimbo wa sala ulipokuja mwaka uliofuata, tuliupokea kwa mikono miwili. Tulicheka, tukasema vijana ni vijana. Mwaka wa 2015 tena walitoa «Nerea», ambao mwanamume anamsihi mwanamke asiitoe mimba yake, na mapadri wengi walifurahi kuwa na wimbo wa kuwaonyesha vijana. Hakuna aliyeuliza siku ile maisha ya kila mwimbaji yakoje usiku.

Kwa hiyo tusijidanganye. Kama ingekuwa bidii ya usafi, kalamu nyekundu ingalifanya kazi tangu mwaka wa 2014. Haikufanya kazi siku tamaa ilipoonyeshwa. Ilifanya kazi siku mtu mmoja aliposema kweli juu ya nafsi yake.

III. Nyimbo zake mwenyewe

Mkosoaji asiyesikiliza kazi yote hana haki ya kuhukumu. Tulitafuta vilevile nyimbo ambazo Chimano aliziimba peke yake. Mwaka wa 2021 wale wanne walikubaliana kila mmoja atoe kazi yake bila kuvunja kikundi. Mpango huo waliuita Alone Together, yaani kila mtu peke yake, lakini pamoja. Chimano alitoa «Friday Feeling» mwaka uleule, kisha mwaka wa 2022 sahani fupi yenye jina Heavy Is the Crown, maana yake taji ni nzito.

«Friday Feeling» ni wimbo wa disko. Unasema juu ya furaha ya siku ya tano jioni, kazi zinapokwisha na watu wanavaa vizuri kwenda kucheza. Kwetu mapadri siku ya tano ni siku ya Njia ya Msalaba, na hatufichi kwamba masikio yetu hayakuwa tayari. Lakini tulipousikiliza mara ya tatu tulikumbuka habari moja ya Marekani ambayo msomaji anapashwa kuijua, kusudi asifikiri kwamba disko na korali ni nchi mbili zisizopakana.

Mwimbaji Sylvester alizaliwa Los Angeles mwaka wa 1947, mtoto wa familia nyeusi ya Kipentekoste. Alianza kuimba kanisani akiwa mtoto mdogo, na watu walimsifu sana. Alipokuwa kijana na mwenendo wake ukajulikana, kanisa lile halikumtaka tena, akaondoka. Miaka ikapita, akafika San Francisco, na mwaka wa 1978 akatoa wimbo «You Make Me Feel (Mighty Real)», uliochezwa katika dunia nzima. Yeye hakuficha kwamba alipenda wanaume. Na wimbo ule, kwa anayejua kusikiliza, ni ibada ya Wapentekoste iliyohamishiwa mahali pa kucheza: sauti ya juu inayopanda kama mtu aliyeshikwa na Roho, wanawake wawili wenye sauti kubwa wanaomwitikia nyuma, neno moja linalorudiwa mpaka linakuwa kilio. Kanisa lilimtoa mtu nje. Halikuweza kutoa kanisa ndani ya mtu. Alikufa kwa sida mwezi wa 12 mwaka wa 1988. Mazishi yake yalifanyika kanisani, katika mji wa Oakland, katika kanisa la Walter Hawkins, mtunzi mkubwa wa nyimbo za Injili, na korali iliimba. Haki za nyimbo zake aliziacha kwa msaada wa wagonjwa wa sida.

Kabla yake alikuwako Little Richard wa Macon, aliyekufa mwaka wa 2020. Yeye vilevile alilelewa katika nyimbo za makanisa ya watu weusi. Mwaka wa 1957, katikati ya sifa zake, aliacha miziki ya dunia akaenda kujifunza kuhubiri. Kisha akarudi kwa miziki. Kisha akaiacha tena. Mara alisema wazi kwamba anapenda wanaume, mara alilikana jambo hilo na kulilaani. Maisha yake yalikuwa mlango usiotulia kwenye bawaba zake. Hatumhukumu. Tunasema tu kwamba katika sauti yake, hata katika nyimbo za kipuuzi, unasikia mtu anayevutwa huku na huku.

Sasa tukiuweka wimbo wa Chimano karibu na ule wa Sylvester, tunauona uzuri wake na upungufu wake. Sauti ni safi, mapigo yamepangwa na fundi anayejua kazi, na furaha yake si ya kuigiza. Hakuna uchungu ndani yake wala kulipiza kisasi, na hilo ni jambo la kusifiwa kwa mtu aliyesemwa miaka mingi. Lakini wimbo ni mwepesi. Wale wanaomwitikia wanakaa nyuma kama pambo. Hawamsukumi, hawambishii, hawambebi. Tena Kiingereza kimechukua nafasi kubwa, na kwa lugha hiyo anasema mambo ambayo waimbaji wengine wengi wa dunia wanaweza kuyasema vilevile. Katika «Kuliko Jana» tulijua kwamba tunasikia watu wa Afrika ya Mashariki, waliofundishwa kuimba na watu wanaosali. Katika «Friday Feeling» tunasikia mtu mzuri katika mji wowote. Jina la sahani linatuahidi uzito wa taji. Sisi tungetaka kuusikia uzito huo zaidi katika nyimbo zenyewe. Mtu aliyelipa bei kubwa hivyo ili aseme kweli anaweza kutupa wimbo mkubwa kuliko huu, na tunafikiri kwamba atakapourudia ufundi wa korali, ataupata.

Hata hivyo njia yake ni bora kuliko njia nyingine iliyojaribiwa Kenya. Mwaka wa 2016 kikundi cha Art Attack kilitoa wimbo wa kuwatetea watu wa namna hii, uliojengwa juu ya wimbo wa Wamarekani Macklemore na Ryan Lewis. Kamati ya serikali inayochunguza filamu iliikataza picha yake, ikaiomba Google iiondoe. Google haikuiondoa, iliweka onyo tu. Kukatazwa huko kuliupa wimbo wasikilizaji, hakukuupa uzuri. Ni hotuba yenye mapigo. Anayekubali atakubali, anayekataa atakataa, na hakuna atakayeuimba jikoni akiosha sahani. Chimano hakutoa hotuba. Aliimba, akawaacha watu wacheze au wakae.

IV. Fundi na kazi yake

Tufike kwa swali lenyewe: wimbo unachafuliwa na mwenye kuuimba?

Mtakatifu Tomaso anatufundisha, katika sehemu ya pili ya Summa, kwamba fundi, kwa kuwa ni fundi, hasifiwi kwa ajili ya nia aliyo nayo moyoni, bali kwa ajili ya kazi anayoifanya, kama ni nzuri au mbaya. Seremala mlevi akitengeneza kiti chenye nguvu, kiti hakilewi. Fundisho hili si la kisasa wala si la uvivu. Sisi sote tulijibu mtihani juu yake.

Tuna ushahidi wa karibu zaidi. Kila siku ya tano asubuhi, katika Breviari, tunasali Zaburi ya 50, ambayo mapokeo yanaiweka kinywani mwa Daudi, kisha zambi yake na mke wa Uria na kifo cha Uria mwenyewe. Msomaji mwenye bidii atasema: Daudi alitubu, huyu hakutubu. Ni kweli, na tofauti hiyo si ndogo. Ndiyo sababu hatuwalinganishi watu hawa wawili. Lakini Kanisa halikuipokea zaburi kama cheti cha mwenendo mwema wa Daudi. Liliipokea kwa kuwa sala ile ni ya kweli, na kila mkosefu anaweza kuisali. Hivyo hivyo «Kuliko Jana» ni sala ya kweli au si ya kweli kwa maneno yake na miziki yake.

Upande mwingine, Mtakatifu Agostino anaungama kwamba mara nyingine kanisani alivutwa na sauti kuliko na maneno yanayoimbwa, na kwamba aliona hatari katika jambo hilo. Hatari hiyo ipo hata leo, na vijana wetu wanampenda mwimbaji mpaka wanamwiga kofia yake. Padri anayeogopa mfano haogopi bure. Lakini dawa ya hatari hiyo ni kufundisha, siyo kufuta. Kijana aliyefundishwa anaweza kusema: sauti hii ni nzuri, sala hii ni ya kweli, na juu ya maisha ya mwimbaji nina mafundisho ya Kanisa langu. Kijana aliyefutiwa ukurasa anajifunza jambo moja tu, kwamba tunaogopa.

Na mafundisho ya Kanisa hatuyafichi. Katekismu ya mwaka wa 1992 inafundisha katika nambari 2357 mpaka 2359 kwamba matendo ya namna hiyo hayapatani na sheria ya maumbile, na kwamba watu hao wameitwa kuishi katika usafi wa moyo na mwili. Inafundisha vilevile, palepale katikati, kwamba wapokelewe kwa heshima na huruma, na kwamba kila alama ya kuwatenga bila haki iepukwe. Tarehe 11 ya mwezi wa kwanza mwaka wa 2024 Maaskofu wa Afrika, kwa barua iliyotiwa sahihi na Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, walisema kwamba hawaoni inafaa kubariki watu wawili wa jinsia moja wanaoishi pamoja. Na katika barua ileile walikumbusha kwamba watu wenye mwelekeo huo watendewe kwa heshima. Tunawajua wengi wanaoshika nusu ya kwanza ya maneno hayo kwa moyo, na ambao hawajaisoma nusu ya pili. Padri hana ruhusa ya kuchagua nusu.

V. Majibu

Kwa wale vijana wawili tunajibu hivi. Wimbo haukuchafuka, na ninyi hamkutenda zambi. Uimbeni katika sikukuu, katika mikutano ya vijana, nyumbani kwa mgonjwa anayeupenda. Katika Misa yenyewe msiuimbe, sababu haukutungwa kwa ajili ya Liturjia na haufuati sala za siku. Hata kama wangeuimba malaika, jibu letu lingekuwa lilelile. Juu ya nyimbo za disko, hizo si kazi ya korali, na kila mmoja wenu azipime kwa akili na zamiri yake.

Lakini swali la pili halikuwa juu ya wimbo. Lilikuwa juu ya yaya aliyekuwa anaimba zaburi.

Hapa tunapashwa kuungama. Sisi tulikuwa tunasaidia katika parokia ile siku za Mungu. Tulimsikia kijana huyo akiimba zaburi muda wa miaka mingi, na mara kadhaa tulimshukuru baada ya Misa, sababu watu walikuwa wananyamaza kwa kweli alipoanza. Siku moja hakuwako, na mwingine akaimba. Tuliona nafasi yake tupu, hatukuuliza. Yeye hakujitangaza popote. Hakuna aliyemshuhudia katika tendo lolote. Palikuwa na minong'ono tu, juu ya sauti yake na namna anavyotembea, kisha mtu akamwambia apumzike. Na kanuni ya 220 ya Sheria ya Kanisa inakataza kumharibia mtu yeyote jina lake jema bila haki. Tulifundishwa kanuni hiyo, tukaifundisha kwa wengine, na siku ilipohitajiwa tulikuwa tunavua kanzu katika sakristia tukiwaza chakula cha saa sita.

Tuweke mambo hayo mawili pamoja. Yule wa Nairobi alisema wazi, akafutwa. Huyu wa kwetu hakusema neno, akapumzishwa. Basi njia ya kupita iko wapi? Chimano alipokuwa anajificha, minong'ono ilikuwapo, na bado kila arusi ya mji wetu ilicheza «Sura Yako», na mapadri waalikwa walipiga makofi. Tulimpokea kwa sharti moja, asiseme. Kanisa lenye sakramenti ya kitubio halipashwi kuweka sharti la namna hiyo, maana kitubio chote kinaanzia hapo, mtu anapofungua kinywa na kusema kweli juu ya nafsi yake. Tukimfundisha kijana kwamba atapendwa muda anaosema uongo, siku gani atatuamini vya kutosha ili apige magoti mbele yetu?

Wale wenzake watatu wa Chimano hawakuwa mapadri, wala hawakusoma teolojia. Wawili wao walikuwa wametoka pamoja naye katika kikundi cha nyimbo za Injili, na wote watatu katika barabara ndefu, na walijua kwamba sauti ikiondolewa, zile zinazobaki hazisikilizani tena. Hatusemi kwamba wao ni walimu wetu katika mafundisho ya ndoa. Tunasema kwamba walikuwa korali kuliko korali yetu.

Vijana wameandika wimbo upya katika ukurasa mwingine. Ule uliofutwa wameuacha kama ulivyo. Siku ya Mungu iliyopita, kisha Misa ya pili, tulikwenda nyumbani kwa yule aliyekuwa anaimba zaburi. Mama yake alitupa kiti na chai, akatuuliza habari za seminari. Mtoto wake alikuwa ndani. Hakutoka kutusalimia, na hatuna neno la kumlaumu. Tutarudi.